Ziwa Liko Nusu ya Njia: Kwa Dada Anayeogopa Kuwachelewesha Wenzake Mlimani

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nina miaka 47. Kila asubuhi natembea dakika 40 kwenye barabara tambarare. Mimi na marafiki zangu watano tumeshika nafasi kwenye safari ya siku moja ya kupanda kwa miguu hadi ziwa lililo mlimani, pamoja na mwongozaji. Tumelipa nusu. Tangazo linasema kilomita 14 kwenda na kurudi, kupanda mita 850, ziwa liko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ugumu wa wastani. Zimebaki wiki sita. Goti langu la kulia huuma nikishuka ngazi. Naogopa kuwa mzigo kwa wenzangu. Je, nitaweza? Na kama njia ipo na inaonekana, mwongozaji ana kazi gani?"

Dada yangu, kwa maelezo uliyonipa naamini utaweza, mradi uzitumie vizuri hizo wiki sita. Ila nitaanza na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo linaloamua lile la kwanza.

Njia iliyokanyagwa miaka mingi haihitaji mtu wa kuionyesha. Mwongozaji unamlipa kwa ajili ya safari ya kurudi. Kupanda kila mtu hupanda, kwa sababu ziwa linamvuta na nguvu za asubuhi bado zipo. Wengi huumia wakati wa kushuka, ziwa likiwa mgongoni, miguu imelegea na mawazo yameshatangulia kwenye gari. Mwongozaji mzuri huwa ameanza kuifikiria saa ya kurudi kabla hamjafunga kamba za viatu, na ana mamlaka ya kusema "tunageukia hapa" hata kama mmebakiza nusu saa.

Mamlaka hayo yana historia. Mwaka 1820, kwenye Mont Blanc, waongozaji watatu kutoka Chamonix, Ufaransa, walifukiwa na maporomoko ya theluji. Inasimuliwa kuwa waongozaji walikuwa wamesita kuendelea kwa sababu ya hali ya hewa, lakini mgeni wao, mwanasayansi aitwaye Hamel, alitaka waendelee. Mwaka uliofuata, 1821, waongozaji wa mji huo waliunda chama chao, na chama hicho kipo hadi leo. Miaka mia mbili imepita, lakini ninapokutana na kikundi kinachomwambia mwongozaji "sisi ndio tumelipa, twende tu," hunijia picha ya wale watatu.

Nami nimewahi kukosea hapo hapo. Miaka yangu ya mwanzo niliongoza wageni wanane kwenda kwenye ziwa la mlimani, nikawaambia tutageuka saa sita mchana popote tutakapokuwa. Saa sita ilitukuta chini ya ukuta wa mwisho, ule mwinuko mkali kabla ya ziwa. Waliniomba, nikawaonea huruma, tukaendelea. Tulifika ziwani saa saba na nusu, ukungu umelifunika, hatukuona hata ng'ambo. Tulishuka mvua ikinyesha na giza likatukuta msituni, watu tisa na tochi mbili. Hakuna aliyevunjika, lakini mama mmoja alilia njia nzima akishikilia mkono wangu, na kilio chake sijakisahau. Tangu siku ile saa ya kugeuka ninayoitamka asubuhi siibadilishi kwa sababu ya maombi.

Tuipige hesabu safari yenu. Mpanda milima wa Scotland aitwaye Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita zenu saba za kwenda zitachukua saa moja na dakika 24, na mita 850 zitaongeza saa moja na dakika 25. Jumla inakaribia saa mbili na dakika 50. Naismith, hata hivyo, alikuwa akihesabu mtu mwenye mazoezi asiyepumzika. Kwa watu sita wanaosimama kunywa maji, kuvua sweta na kupiga picha, tena kwenye hewa nyepesi, mimi huhesabu saa nne. Mkianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtafika saa nne na nusu. Mkikaa dakika 45 na kushuka kwa saa tatu, mtakuwa chini saa nane na robo mchana. Hapo saa ya kugeuka ya saa sita mchana inawaachia nafasi ya kutosha ya kifundo kuteguka au mtu kutapika. Mkianza saa tatu asubuhi, kama kampuni nyingi zinavyopenda ili wageni wapate kifungua kinywa bila haraka, nafasi hiyo yote inaliwa kabla hamjapiga hatua ya kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Jua likishaupiga mlima kwa saa kadhaa, hewa iliyopata joto hupanda kwenye miteremko, hupoa, hugeuka mawingu, na milima mingi mchana huwa na mvua na radi. Kando ya ziwa la juu hakuna mti wa kukufunika, na huenda wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale. Radi ikisikika mkiwa bado mnapanda, mnageuka. Na uzuri wa ziwa nao uko asubuhi. Upepo ukiwa haujaamka maji hutulia, na mlima wote huonekana umepinduliwa ndani yake. Muulize mwongozaji jua linavuka ukingo wa mlima saa ngapi na kuligusa ziwa. Anayelijua ziwa lake atakujibu bila kufikiri.

Sasa hayo maneno "ugumu wa wastani". Yaache, hayana kipimo. Uliza hivi: mita ngapi kati ya zile 850 ziko kwenye kilomita mbili za mwisho? Ninauliza hivyo kwa sababu ya jinsi maziwa haya yalivyozaliwa. Mengi yalichimbwa na barafu nene ya kale iliyokaa kwenye ubavu wa mlima na kuuchonga kama bakuli, ikiacha ukingo wa mwamba upande wa mbele. Barafu ilipoyeyuka, maji yakabaki nyuma ya ukingo huo. Ndiyo maana njia ya kwenda huko mara nyingi ni bonde refu lenye mwinuko wa taratibu, kisha ghafla unakutana na ukuta, njia inapanda kwa kona kona, na ziwa halionekani hata kidogo hadi unyanyue kichwa juu ya ukingo wa mwisho. Ikiwa mita 500 ziko kwenye kilomita mbili hizo, basi kila mita nne za kwenda mbele unapanda moja. Mtu akishajua kuwa ukuta upo, hutunza nguvu zake. Asiyejua hukata tamaa mguuni mwa ukuta akidhani ameshindwa, kumbe alitumia pumzi yake bondeni akipiga soga.

Ikiwa ziwa lenu limo ndani ya kreta ya volkano, mambo hugeuka. Unafika kwanza ukingoni, kisha unateremka kwenye maji, na kupanda kunakusubiri wakati wa kurudi. Quilotoa, kule Ecuador, ukingo uko karibu mita 3,900, na wageni hushuka kwa furaha, kisha wengi huishia kukodi mnyama wa kuwapandisha. Kwenye ziwa la aina hiyo saa ya kugeuka hupangwa kwa kupanda, maana hapo kurudi huchukua muda mrefu kuliko kwenda. Tanzania inayo mawili ya aina hii yanayopendeza sana. Kwenye kreta ya Empakaai watu huteremka hadi majini wakifuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kuwa kuna wanyamapori. Huko Ngosi, karibu na Mbeya, wengi hutosheka kulitazama ziwa kutoka ukingoni, na hiyo ni busara, kwa sababu kuta zake ni kali mno. Wakati mwingine mwongozaji anakufaa zaidi kwa kukuambia ziwa hili linatazamwa, haliguswi.

Tuje kwenye mita 3,400. Kwenye kimo hicho msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Utahema. Moyo utakwenda mbio kwa kazi ambayo nyumbani huihisi hata kidogo. Hilo ni jambo la kawaida na halimaanishi kuwa huna mazoezi. Ugonjwa wa mwinuko ni kitu kingine. Huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500 hivi, na dalili kuu ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Madaktari huupima kwa orodha fupi ya maswali yenye jina la Lake Louise, ziwa zuri la milimani nchini Kanada, ingawa ziwa hilo lenyewe liko mita 1,700 na ushee tu, ambapo ugonjwa huu ni nadra.

Kwa safari ya siku moja unayo faida kubwa: kwa kawaida dalili huchukua saa sita hadi kumi na mbili kujitokeza, na kufikia hapo mtakuwa mmeshuka. Faida hiyo hupotea mtu anapokuwa ametoka pwani usiku ule ule na kupanda moja kwa moja hadi juu kabisa. Laguna 69, nchini Peru, ni mfano ninaoutaja kila mara. Njia inaanzia karibu mita 3,900 na ziwa liko kama mita 4,600. Ukiiona kwenye ramani ni matembezi ya kawaida tu. Lakini kuna wanaopanda basi la usiku kutoka Lima, karibu na usawa wa bahari, wakaanza kupanda asubuhi. Wengi wao hulikumbuka ziwa lile kwa maumivu ya kichwa. Basi kwenu ninyi, kama mnakaa chini ya mita 1,500, jitahidini kulala usiku mmoja, ikibidi miwili, karibu na mahali pa kuanzia. Na mtu yeyote akianza kuyumba kama mlevi, au kuchanganya maneno, au kuhema akiwa amekaa, hasubiri kuona kama itapita. Anashushwa mara moja, na hashuki peke yake.

Hilo linanifikisha kwenye hofu yako, ambayo nimeisoma barua ilipofika na sikutaka kuipita haraka. Unaogopa kuwa mzigo. Nimewaona watu wengi wenye kasi ndogo wakiteseka mlimani, na karibu kila mara kosa halikuwa la miguu yao. Huwa hivi: wenye nguvu wanatangulia, wanafika kwenye jiwe, wanakaa dakika kumi, wanakunywa maji. Wa mwisho anafika akihema, wote wanasimama na kusema "haya, tuendelee." Kwa hiyo aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika. Jambo hilo likirudiwa mara sita, mtu huyo amekwisha, na kila mmoja anaamini alikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Dawa yake ni nafasi ya pili kwenye mstari. Mtu mwenye kasi ndogo hutembea nyuma ya mwongozaji moja kwa moja, na mwongozaji huipima kasi ya kikundi kwa pumzi yake. Kipimo ni kuongea: kama unaweza kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, kasi ni sahihi. Mkipumzika, mnapumzika pamoja na kuondoka pamoja. Wenye nguvu hawapotezi kitu, kwa sababu mwendo wa namna hiyo hauhitaji vituo vingi, na mara nyingi kikundi hufika mapema kuliko kile cha mbio na kusimama. Mwambie mwongozaji kabla ya siku, na kwa faragha ukipenda: "Mimi ndiye nitakayekuwa mwenye mwendo mdogo, nataka nitembee nyuma yako. Goti langu la kulia huuma nikishuka." Wa kweli atakushukuru, maana umemwokolea saa nzima ya kubahatisha.

Goti lenyewe lahitaji kazi. Maumivu ya kushuka ngazi mara nyingi hutokana na misuli ya mbele ya paja isiyotosha kuushikilia uzito, lakini kabla ya mazoezi muone mtaalamu wa viungo alitazame, hasa kama linavimba, linakwama au linakuachia ghafla. Kama una shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari wako kuhusu kimo hicho cha mita 3,400 pia.

Akikuruhusu, fanya hivi. Zile dakika 40 za asubuhi ziache kama zilivyo, ni msingi mzuri, lakini siku mbili kwa wiki zipeleke kwenye ngazi au kilima. Wiki ya kwanza panda na kushuka kwa dakika 20, ongeza kidogo kidogo hadi saa moja. Zingatia kushuka: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, mguu unatua polepole. Kushuka huchosha misuli kwa namna yake, kwa kuwa inafanya kazi huku ikinyooshwa, ndiyo maana kesho yake mapaja huuma. Habari njema ni kwamba misuli ikishaonja mateso hayo mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata, hivyo ni heri ikayaonja ngazini kuliko mlimani. Mwisho wa wiki fanya matembezi marefu mara moja. Ukifika wiki ya nne, tembea saa tatu hadi nne kwenye vilima ukiwa na buti zile zile za safari na begi la kilo tano. Ukiamka kesho yake ukaweza kushuka ngazi ukilalamika kidogo tu, uko tayari. Wiki ya sita punguza, miguu ipumzike.

Tafuta pia fimbo mbili za kutembelea zinazorefushwa, ujizoeze nazo kabla. Wakati wa kushuka huondoa sehemu ya mzigo uliokuwa uangukie magotini, na kwa mwenye tatizo kama lako mimi sizioni kama anasa.

Vitu vingine nitavitaja kwa haraka kwa sababu kampuni itakupa orodha. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ziwani kutakuwa na baridi zaidi ya mlikoanzia kwa nyuzi tano au sita, na upepo utaongeza. Nguo za pamba zikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini, vaa za kukauka haraka. Sweta na koti la mvua vinaingia begini hata anga likiwa safi. Jua la juu huunguza zaidi ya unavyolihisi, jipake mafuta ya kujikinga nalo na uvae kofia. Lita mbili za maji, chakula cha kutafuna kidogo kidogo njiani, tochi ya kichwani kwa kila mtu bila kujali mnatarajia kurudi saa ngapi. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla, utanishukuru wakati wa kushuka. Na kwa kuwa wanawake huona haya kuliuliza hili: ndiyo, mtajisaidia porini. Nendeni walau mita 60 kutoka kwenye maji na njia, mfukie, na karatasi irudi nanyi ndani ya mfuko. Msipunguze kunywa maji kwa kuogopa jambo hilo, mwili utawadai baadaye.

Ukifika, kaa. Kama maji yanatoka kwenye barafu iliyopo bado, huenda utayakuta na rangi ya bluu yenye weupe kama wa maziwa ya ng'ombe. Ni unga laini wa mwamba uliosagwa na barafu, unaoelea ndani ya maji na kuutawanya mwanga. Usiyanywe bila kuyatibu, hata yakiwa maangavu. Wala usiyaogelee kwa sababu tu mwenzako kaingia. Maji ya baridi kali humfanya mtu avute pumzi ghafla bila hiari, na kama kichwa kiko chini wakati huo, anavuta maji. Ndani ya dakika kumi hivi mikono na miguu hukataa kufanya kazi, hata kwa muogeleaji hodari. Chovya miguu, hiyo inatosha, tena goti lako litafurahi. Vaa sweta mara tu ukisimama, kabla hujahisi baridi.

Sasa, kabla hamjalipa nusu iliyobaki, piga simu kwenye kampuni na uombe kuongea na mwongozaji mwenyewe. Unaweza kumuuliza ana cheti gani: nchi nyingi zina leseni zao, na kwa matembezi yasiyohitaji kamba upo umoja wa kimataifa wa viongozi wa milimani, UIMLA, ulioanzishwa mwaka 2004. Cheti kina uzito wake. Lakini maswali mawili nayapa uzito zaidi. La kwanza: saa ya kugeuka ni ngapi? La pili: mimi nikishindwa katikati, nani atanishusha, na wenzangu watabaki na nani? Mwongozaji mmoja na wageni kumi na wawili hawezi kujigawa. Ama wote watashuka kwa ajili yako, ama utaachwa ukae juu ya jiwe uwasubiri, na hilo la kuachwa usilikubali kamwe. Kwa watu sita omba mwongozaji na msaidizi, hata kama mtaongeza pesa kidogo kila mmoja.

Akikutajia saa na jina la msaidizi, lipeni. Akikujibu "usijali dada, kila mtu hufika," waambie marafiki zako watafute kampuni nyingine, na wiki sita zinatosha kuipata.